Filamu Iliyomwangusha Mama Mwenye Nyumba

Jumapili ile nilidhani nimemuua mama mwenye nyumba wangu.

Nilikuwa nimehamishiwa Kigoma kikazi, nikapanga kwake, Ujiji. Mumewe alikuwa mvuvi. Ziwa lilimchukua miaka mingi nyuma na mwili haukuonekana. Kila Jumapili tukishakula, mimi, yeye na mdogo wake tuliangalia filamu sebuleni: za mapigano, za Kihindi, zile zinazotafsiriwa Kiswahili na madijei. Mimi nazipenda filamu za zamani zinazokwenda kama ndoto, bila kichwa wala miguu, na sikuchoka kuzisifu mbele yao. Mdogo mtu akasema, "Basi tuletee moja tuone."

Nikachagua fupi, isiyo na maneno, nikiamini haitawachosha. Mwanzoni walicheka. Farasi alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe.

"Aliyetengeneza hii alikuwa mzima kweli?" mdogo mtu akauliza.

Kisha mwanamke wa kwenye filamu akafungua kabati la nguo. Maji yakafurika chumbani, akatoka mwanamume amelowa chapachapa, viatu mkononi, akaketi mezani kula.

Mama akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu yeyote. Bakuli la dagaa likaruka. Akaanguka sakafuni, macho wazi, hasemi. Nikaganda na rimoti mkononi. Mdogo wake ndiye aliyemmwagia maji usoni mpaka akavuta pumzi, kisha akanigeukia.

"Umetuletea nini humu ndani?"

Nikazima televisheni, nikainama kuokota dagaa.

Asubuhi mama akabisha mlangoni kwangu. Nikajua nafukuzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile filamu bado unayo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Miaka yote hii mume wangu hajanijia hata ndotoni," akasema. "Jana ndiyo nimemwona. Anakula."

Tukaiweka tena, sisi wawili. Alilia kimya kimya, khanga mdomoni, lakini aliiangalia mpaka mwisho.

Siku chache baadaye nilimkuta gengeni akimwelekeza jirani aliyezoea filamu za ngumi.

"Usianze na ndefu, utasinzia. Anza na hii ya kabati. Usitafute maana, angalia tu." Akafikiri kidogo. "Ila uwe umekaa chini."