Picha ya Mdomo wa Shimo

Habari ya kifo cha mume wangu ililetwa na mtu aliyekimbia. Alikuwa mchimbaji mwenzake, jirani yetu wa mtaa wa pili pale Shinyanga mjini. Alipofika mlangoni nyayo zake zilikuwa zimepasuka, na vumbi jekundu limemganda mpaka kwenye kope. Alisema shimo limeanguka huko Geita, alasiri, watu wakiwa chini.

"Hakuna aliyetoka," alisema. Kisha akakaa barazani na kuanza kulia kabla yetu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya dhahabu. Reli ya Mwanza ilikuwa bado mpya, na vijana wa mjini, waliokuwa hawajawahi kushika sururu, walisema Geita, Geita, kama watu wanaoitwa kwa majina yao. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Pamba ilipokosa soko watu waliacha kushonesha nguo, naye akafunika cherehani kwa shuka na kuondoka na wenzake. Hatukuwa tumepata mtoto bado. Aliniacha na mama yake katika nyumba ya vyumba vitatu, na mdogo wake, shemeji yangu, akikaa chumba cha mbele.

Tulimsomea hitima bila maiti. Nikavalishwa nguo nyeupe na kuingizwa eda katika chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo linalotazama uani. Sikutakiwa kuonekana na mwanamume wala kutoka nje ya nyumba. Mama mkwe aliniletea chakula mwenyewe na kukaa nami mpaka nimalize. Alikuwa hajalia mbele ya mtu. Wanawake wa msibani walimsema kwa hilo, nami nikiwasikia kupitia ukuta.

Eda ilikuwa haijafika nusu pale jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alipoingia chumbani mwangu bila kupiga hodi.

"Kuna picha dukani kwa Mhindi," alisema kwa sauti ya chini. "Imetoka Geita. Watu wamejaa, wanalia. Nimeitazama mimi, na sasa nimekuja kwako, sijui hata nimekuja kusema nini."

Akaenda jikoni kwa mama mkwe, na nikasikia kifuniko cha sufuria kikianguka.

Nilikuja kujua baadaye jinsi picha ile ilivyopatikana. Mpiga picha mmoja wa Mwanza aliitwa machimboni kumpiga picha Mzungu mwenye shimo pamoja na mitambo yake. Akafika siku ile ile ya maafa, na mashine yake ya picha ikiwa tayari imesimamishwa juu ya miguu yake mitatu. Alipiga picha moja tu ya mdomo wa shimo. Akaisafisha, akatoa nakala nyingi, na wenye maduka wakazibandika Mwanza, Shinyanga, Kahama, kila mahali ambapo kulikuwa na watu waliompeleka mtu machimboni. Lakini hata wasio na ndugu huko walisimama mbele yake wakashindwa kuondoka. Maafa tuliyazoea kuyasikia kwa mdomo, na kila msimulizi huyapunguza au huyaongeza. Hapa hapakuwa na msimulizi. Ulikuwa uso wa mtu, nawe unautazama.

Siku ile mama mkwe alikwenda dukani, lakini hakusimama na wengine. Aliingia katikati yao, akaibandua picha ukutani, akatoka nayo. Mwenye duka alimfuata mpaka barabarani akipiga kelele, akamtazama usoni, akanyamaza na kurudi dukani kwake.

Alifunga mlango wa chumba changu na kuilaza picha kitandani.

"Tazama."

Mtu alikuwa anatoka shimoni amembeba mwenzake mgongoni. Aliyebebwa kichwa kilimlalia begani, macho yamefumba, mguu mmoja unaning'inia vibaya. Aliyembeba aliinamia mbele kwa uzito, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo wazi, macho yakitutazama sisi. Mwili mzima ulikuwa mweupe kwa vumbi la mawe. Lakini macho yale yalikuwa yamenitazama kila asubuhi juu ya kikombe cha chai.

"Huyu ni nani?" aliuliza mama mkwe.

Niliigusa picha kwa ncha ya kidole.

"Sema. Nataka kusikia kwa mtu mwingine."

"Ni yeye, Mama."

Akaweka kidole nyuma ya mtu yule, pale ambapo magogo ya mdomo wa shimo yalikuwa yamekatika na kulaliana. "Hapa shimo limekwisha kuanguka," alisema. "Na mwanangu amesimama."

Jioni ile shemeji alimwita mwalimu wa madrasa na yule mchimbaji jirani aliyeleta habari ya kifo. Mimi nilikaa nyuma ya pazia. Mwalimu hakupenda picha iwe ndani ya nyumba ya msiba na alisema hivyo, lakini aliishika, akaisogeza karibu na taa. Jirani aliapa kwamba hakuna aliyetoka.

"Ulibaki pale mpaka lini?" mama mkwe alimuuliza.

Alitazama miguu yake.

"Nakuuliza, baba."

"Nilikimbia, mama," alisema. "Ardhi ilipolia mara ya kwanza, nilikimbia. Sikutazama nyuma."

Hakuna aliyemlaumu. Lakini kilichobaki sebuleni kilikuwa kibaya kuliko msiba. Mwalimu alikohoa, akasema mke wa mtu aliye hai hana eda, na mjane hatoki ndani, basi ni lazima ijulikane mimi ni yupi kati ya hao wawili. Shemeji akasema atakwenda Geita yeye mwenyewe kesho yake.

"Wewe utarudi na maneno," mama mkwe alimwambia. "Maneno nimekwisha kuletewa. Nitakwenda mimi, na mwanamke huyu atakwenda nami."

Mwalimu aliruhusu, mradi nijifunike uso.

Tulipanda lori lililokuwa likipeleka mpunga machimboni. Dereva alikuwa mtu wa mtaa wetu, akatuweka juu ya magunia na kutufunika turubai juani. Mama mkwe aliivaa picha kifuani chini ya kanga, ameifunga kwa kitambaa. Kila lori liliporuka shimo aliweka mkono pale.

Baada ya Kahama aliniuliza, "Mbona hufurahi?"

"Naogopa, Mama."

"Unaogopa nini? Unataka awe amekufa?"

Kama ni mzima, kwa nini hakuleta salamu siku zote hizi? Swali hilo lilikuwa linanizunguka tangu nilipoiona picha, na niliona katika macho yake kwamba linamzunguka yeye pia, na kwamba hatanisamehe nikilitamka.

Katikati ya pori palikuwa na kizuizi cha mbung'o. Siku hizo serikali ilikuwa ikipigana na mbung'o kwa kufyeka misitu na kuweka walinzi barabarani wenye nyavu. Walikagua nguo na mizigo ya kila msafiri ili wadudu hao wa malale wasibebwe kwenda kwenye ng'ombe na watu. Mlinzi wetu alikuwa Msukuma wa makamo, mkali wa kazi yake. Alitupitishia wavu mgongoni, kisha akamwambia mama mkwe afungue kile kilichotuna kifuani.

"Sifungui."

"Mayu, fungua," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "La sivyo nitawarudisha mlikotoka."

Dereva alianza kubembeleza, mlinzi akamnyamazisha. Abiria wengine walikuwa wameshuka na kutuzunguka. Mwishowe mama mkwe aligeuka upande, akatoa kile kitambaa, akakifungua mbele ya uso wa yule mtu.

"Ni mwanangu," alisema. "Haya, mtafute mbung'o wako."

Mlinzi aliinama juu ya picha. Wavu ulimlegea mkononi mpaka ukagusa vumbi. Alipoinuka hakututazama usoni. "Nendeni, mayu," alisema, akanyanyua mti wa kizuizi mwenyewe.

Tulifika machimboni asubuhi, kukiwa na kishindo cha mawe yanayosagwa ambacho hukisikii kwa masikio tu, unakisikia kwenye meno. Watu walituelekeza kwa nyapara wa lile shimo, mzee mwenye kovu bichi kwenye paji la uso. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba. Kisha akaonyeshwa picha, akavua kofia.

"Unamjua?"

"Namjua, mama. Fundi. Alitushonea suruali sote hapa kwa mkono."

"Picha hii ilipigwa kabla au baada?"

"Baada."

"Baada ya shimo kuanguka."

"Ndiyo, mama. Jua likienda kuzama."

"Basi mwanangu alitoka."

"Alitoka." Nyapara alikuwa akiikunja kofia mikononi. Nilijua kabla hajasema. Nilitaka kumziba mdomo. "Alimlaza huyu mwenzake chini, pale, kwenye yale majani. Akaomba maji, akanywa. Tulimwambia akae. Akasema kuna mwingine amemsikia akiita. Akarudi ndani."

Mama mkwe alisubiri.

"Ndipo likaanguka mara ya pili," alisema nyapara.

Alitupeleka kuona. Palikuwa mahali pa kawaida kabisa, tuta la mawe na udongo mwekundu, na nyasi zimeanza kuota. Mama mkwe alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya mawe, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti ambayo watu waliacha kazi kuisikiliza. Nilimkumbatia kwa nyuma. Nilikuwa nimemlilia mume wangu mara moja tayari, nikidhani machozi yamekwisha. Lakini yule niliyemlilia kwanza alikufa bila kujua. Huyu alikuwa ametoka, amekunywa maji.

Nyapara alisubiri mpaka tuliposimama, akasema, "Yule aliyebebwa yu hai."

Alikuwa katika kibanda nyuma ya kambi, Mzinza mmoja kijana, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao. Alikuwa ameambiwa kwamba fundi ndiye aliyemtoa, lakini alikuwa amezirai, hakumbuki kitu, na picha ile hakuwahi kuiona. Picha za madukani hazifiki kwa mtu asiyeweza kutembea. Tulipojitambulisha alijaribu kuinuka, akashindwa. Hofu ilimjaa usoni. Nadhani aliamini tumekuja kumdai uhai ule.

Mama mkwe akampa picha.

Aliutazama sana mwili wake mwenyewe kwanza, ule mguu, kile kichwa kilicholala. Kisha macho yake yakahamia kwenye uso wa mume wangu, yakakaa hapo. Alianza kulia bila sauti.

"Ndiye huyu?" aliuliza. "Tulichimba pande tofauti za shimo. Sikumjua hata jina."

"Ndiye," alisema mama mkwe.

"Mimi sikuwa ndugu yake, mama."

"Najua."

"Kwa nini basi?"

Mama mkwe alikaa kando ya kitanda chake, akachukua ncha ya kanga akamfuta uso, kwa ukali kidogo, kama mtu anavyomfuta mtoto wake. Alimuuliza kama anakula vizuri. Akamwambia mguu ukipona apite Shinyanga, aulize nyumba ya fundi cherehani.

Tulirudi. Nilikamilisha eda yangu, sasa nikijua ni yangu kweli. Mama mkwe hakuniuliza tena juu ya furaha wala hofu. Usiku wa kwanza nyumbani aliniambia, "Nilikusema vibaya njiani," nami nikamwambia hapana, Mama, na yakaisha. Mvua zilipokatika yule kijana alikuja akichechemea na gongo, amebeba kuku wawili. Akawa akija kila baada ya mavuno. Shemeji alijifunza cherehani, na mimi baada ya muda niliolewa Kahama na mfanyabiashara wa mchele, mtu mpole. Mama mkwe ndiye aliyenitoa, kama binti yake.

Siku moja nikiwa Kahama niliingia duka nisilolizoea kununua chumvi. Picha ilikuwa ukutani, imeanza kuwa ya manjano. Wanaume watatu walikuwa mbele yake, na mmoja akiwaeleza wenzake kwamba huyu aliyebebwa alikufa pale pale, maskini, na huyu mwenye nguvu ndiye aliyepona, bila shaka sasa ni tajiri mahali fulani. Wakamhurumia aliyebebwa. Wakatikisa vichwa.

Nilitaka kutoka kimya.

"Si hivyo," nilisema. "Aliyebebwa yu hai, ana watoto wawili. Aliyekufa ni huyu anayetembea."

Waligeuka. Mwenye duka akauliza nimejuaje.

"Alikuwa mume wangu."

Nikawaeleza yote, hata yale maji aliyoomba. Walisikiliza wamesimama, na nilipomaliza waliirudia picha, wakaitazama upya, safari hii wakimtazama yeye aliyembeba mwenzake. Mwenye duka, kwa aibu au kwa huruma, alinyoosha mkono aibandue.

"Iache," nilimwambia. "Waeleze tu wanaokuja."