Premila, fundi wa macho ya treni ndogo mjini Ba

Premila Gounder amepiga magoti kando ya meza katika ukumbi wa mtaa mjini Ba, mji mdogo wa kisiwani, simu mkononi, skrubu mbili kaziuma midomoni. Mezani kuna reli nyembamba, mashamba ya miwa ya karatasi, na geti dogo la barabarani ambalo limelala chini tangu asubuhi. Hakuna treni inayopita, lakini geti haliinuki.

"Linasubiri treni gani hilo?" anauliza mmoja wa wazee waliokaa na vikombe vya chai.

"Ya mwaka kesho," anadakia mwenzake.

Wote wanacheka isipokuwa Ilaitia Bolatagici, miaka 68, mwenye meza. Aliendesha treni ya kubeba miwa kutoka mashamba ya Ba kwa miaka thelathini na mitatu, na baada ya kustaafu akaijenga upya njia yake yote kwa mbao, waya na subira. Leo ni Ijumaa. Kesho saa nne, madereva wa zamani wanakutana hapa. Munsami, aliyekuwa mshika breki wake, amefika kutoka Brisbane, ng'ambo ya bahari, baada ya miaka kumi na minne, na Jumapili anapanda ndege kurudi.

"Nyumbani lilikuwa linafanya kazi vizuri kabisa," Ilaitia analalamika. "Nimelileta hapa, limenigeuka."

"Mjomba, usilisute bado," Premila anamwambia. "Ngoja tuliulize kwanza."

Geti lina jicho lake: taa ndogo inayotoa infraredi, mwanga ule ule wa rimoti ya televisheni, na pembeni yake kipokezi. Treni ikipita, mwanga unagonga ubavu wake, unarudi kwenye kipokezi, na geti linashuka. Mtu hawezi kuuona mwanga huo. Ndiyo maana Premila ameshika simu. Anaielekeza kamera kwenye taa, na kwenye kioo kinatokea kidoa cha zambarau.

"Taa nzima," anatangaza. "Sasa nifungieni pazia la dirisha lile."

Pazia linafungwa. Geti linainuka lenyewe, taratibu, na wazee wanapiga makofi.

"Jua," anasema Premila. "Nalo lina infraredi tele. Kipokezi kinaliona, kinadhani treni imefika. Nyumbani ulikuwa unajaribu jioni, sivyo?"

Ilaitia anakuna kichwa. "Jioni, ndiyo."

Premila, 46, hakusomea kazi hii chuoni. Kwa miaka kumi na mmoja alishona kola za mashati katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, yeye na wenzake 130 walirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Alikaa miezi tisa bila kazi. Kilichomwinua kilikuwa rimoti ya mama yake.

"Mama alikuwa anaipiga kwenye goti kila jioni, kama anamwadhibu mtoto," anasimulia. "Nikaifungua. Nikakuta mguu mmoja wa taa umeachia. Nikaushika kwa solda, ile risasi ya kuyeyusha. Mama alipobonyeza na televisheni ikawaka, alinitazama kama vile nimefufua mtu."

Meza yake ya kwanza ilikuwa mlango wa zamani juu ya makreti mawili. Leo ana kibanda karibu na soko, na kwa wiki hutengeneza feni, redio na pasi zipatazo ishirini na tano. Lakini watu wa klabu ya vitu vidogo, yaani walimu, dereva teksi na mchungaji mmoja wanaojenga mashine kwa ajili ya kujifurahisha, humtafuta kwa jambo moja zaidi: saketi zinazoona kisichokuwepo, au zisizoona kilichopo.

"Wengi wanakimbilia kubadilisha vifaa," anasema. "Mimi nabadilisha kitu kimoja, natazama. Halafu kingine, natazama. Saketi haisemi uongo. Inajibu tu lile uliloliuliza."

Anakata kipande cha mrija mweusi na kukivisha kipokezi kama kofia, ili kione mbele tu. Pazia linafunguliwa. Geti linabaki juu. Ilaitia anaachia treni yake, na treni inapita getini, kichwa kizima, bila geti kutikisika. Linashuka mabehewa yanapofika.

"Mungu wangu, nimeua watu!" anapiga kelele Ilaitia.

Premila anaweka kipande cha karatasi nyeupe ubavuni mwa kichwa cha treni. Geti linashuka. Anakiondoa, linainuka.

"Rangi yako nyeusi inaumeza mwanga, mjomba. Kinachorudi ni kidogo, na kofia inakizuia. Tubandike utepe mweupe hapa."

"Utepe? Hapana! Treni yangu ilikuwa nyeusi, na Munsami anaijua. Ataniuliza nimeivisha bendeji ya nini."

"Basi wewe hutaki dawa, unataka kupona tu."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, binti yangu!"

Premila anapima kwa vidole nafasi kati ya reli na kipokezi. Kisha anaihamishia taa upande wa pili wa reli na kuificha katika kibanda cha mbao, ikitazamana na kipokezi. Sasa treni ya rangi yoyote itaukata mwanga njiani.

Jaribio la kwanza linaleta kituko: hakuna treni, geti limeshuka, treni ikifika, geti linainuka kwa heshima.

"Limekuwa mbishi kama mwenyewe," mzee mmoja anasema.

Premila anabadilishanisha waya mbili, na geti linatii. Lakini kila mwanya kati ya mabehewa unalirusha juu na chini. Anaongeza kapasita, kifaa kidogo kinachotunza umeme kwa muda, ili lisubiri sekunde mbili kabla ya kuinuka. Treni inapita, ndefu na nyeusi, na geti linatulia chini hadi behewa la mwisho. Ilaitia anageukia dirishani, anajifuta uso kwa mkono wa shati.

Jumamosi saa nne, Munsami anaingia na fimbo yake. Anafuata reli kwa kidole, daraja baada ya daraja. Treni inakuja, geti linashuka.

"Ilai," anasema hatimaye, "hapa ndipo ulipomgonga mbuzi wa mwalimu."

"Nani, mimi? Breki zilikuwa mikononi mwa nani?"

Wanakumbatiana wakicheka hadi fimbo inaanguka.

Premila anakula roti yake pembeni, akiangalia. Anasema ndoto yake sasa ni darasa. Amekodi chumba cha nyuma ya kibanda, chenye meza mbili, na wenzake sita wa zamani wa kiwandani wameshajiandikisha. Wanaanza Jumanne.

"Vidole vilivyoshona kola miaka kumi na mmoja vinashindwaje na solda?" anauliza. "Nataka mji huu uwe na mafundi wanawake saba, siyo mmoja."

Simu yake inalia. Ni Losalini, mmoja wa hao sita, anauliza aje na bisibisi ya ukubwa gani.

"Njoo na macho yako tu, dada," Premila anamjibu. "Bisibisi zipo."