Mshipa Uliokuwa Bapa

Daktari wa wodi ya wanawake alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: aliogopa chupa ya dripu. Mwaka uliotangulia alimwongezea maji mzee mmoja aliyeshuka presha, kumbe moyo wa mzee ulikuwa umechoka. Maji yakajaa mapafuni. Mzee akafa akihema, amemng'ang'ania mkono.

Asubuhi moja akaletwa mshona nguo, mama wa makamo, aliyetapika na kuharisha siku mbili. Presha ilikuwa chini, vidole baridi kama chuma. Binti yake akasema, "Daktari, mama ana ugonjwa wa moyo. Anameza dawa kila siku."

Daktari akamkumbuka yule mzee. Akimnyima maji, atamwua kwa kiu. Akimpa, huenda akamzamisha.

"Nitundike?" akauliza muuguzi mkuu, chupa mkononi.

"Subiri, Sista. Niletee altrasaundi ile ndogo."

Alikuwa amejifunza kuitumia kwa miezi mitatu tu. Akapaka jeli, akakigandamiza kipimo chini ya chembe cha moyo. Picha ikacheza. Akajikaza kisabuni. Kwenye kioo ukatokea mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kila mama alipovuta pumzi, kuta zake ziligusana, bapa kama mfuko mtupu. Akatazama mapafu: makavu. Moyo wenyewe ulipiga kivivu.

"Amekauka," akanong'ona, "ila moyo hauna nguvu. Tumpe dripu kiasi cha glasi moja, kisha nitazame tena."

Glasi ya kwanza, mshipa bado bapa. Ya pili, ukaanza kujaa. Ya tatu ukanenepa, na pafuni ikachungulia mistari miwili myeupe, dalili ya maji. Daktari akainua mkono.

"Funga! Funga sasa hivi!"

Muuguzi akafunga. Wakangoja. Daktari hakukaa, alihesabu pumzi za mama yule moja moja. Hazikuongezeka kasi. Presha ikapanda taratibu, na kabla ya adhuhuri mgonjwa akafumbua macho.

"Wanangu, nataka kukojoa."

"Jamani!" muuguzi akacheka. "Leo mkojo umekuwa habari njema!"

Binti akacheka na kulia kwa pamoja. Daktari akaifuta jeli kwenye kipimo. Akaingia stoo ya mashuka, akajifungia, akakaa sakafuni.

Siku ya tano mshona nguo aliondoka kwa miguu yake.