Panga Mbili za Askari Mganga

Fundi Dadu, hilo jina hakupewa na mtu bure, alilitolea jasho. Ni binti wa seremala aliyetengeneza madawati ya shule nzima kwa msumeno mmoja, na mjukuu wa mwanamke aliyejifungua asubuhi na jioni akawa jikoni anapika. Yeye mwenyewe alishika randa akiwa na miaka kumi na miwili. Alimzika baba, akamlea mdogo wake wa kiume mpaka akamwoza mke, na kwa vipande vya mbao ngumu vilivyobaki chini ya meza ya kazi akachonga dadu ambazo hazijawahi kupasuka hata moja. Halafu, akiwa na miaka arobaini na kitu, akatunga mchezo.

Mchezo wenyewe hauna ubao. Watu wanakaa mezani, kila mmoja ana karatasi ya shujaa wake, anasema shujaa anafanya nini, na dadu ndiyo inayoamua kama amefaulu au amekula vumbi. Mashujaa wako wengi, lakini aliyemnyima Fundi raha ni mmoja tu, Askari Mganga, yule anayepigana huku anatabana, yaani anasoma maneno ya uganga. Anaweza kushika upanga na ngao, akawa mgumu kuumia. Anaweza kushika mkuki mzito kwa mikono miwili, akipiga anapiga kweli, ila akitaka kutabana lazima aachie mkono mmoja na zamu yake inapotea. Au anashika panga mbili nyepesi, na tabano linapanda juu ya zote mbili, linauma mara mbili.

Hapo kwenye panga mbili ndipo palipomshinda. Aliyekuwa akizicheza ni mdogo wake, na mdogo mtu alikuwa hashindiki. Fundi akapunguza makali, yaani alama za maumivu ya kila pigo, kutoka sita hadi nne. Akashinda. Akapunguza hadi tatu. Akashinda. Akaandika kanuni kwamba tabano lipande upanga mmoja tu, na bado daftari likasema panga mbili zimeshinda mapambano saba katika kila kumi. Miaka sita akipunguza, kama mtu anayekata mguu wa meza inayoyumba, leo huu, kesho ule, mpaka meza inakaribia sakafu.

Kiwanda cha kuchapa vitabu kilikuwa kimemrudishia kitabu cha mchezo huo mara mbili. Mara ya tatu barua ilikuja Jumatatu, fupi. "Kwetu Askari wa panga mbili amepigana mara arobaini, amekufa mara thelathini na nane. Wewe unasema ana nguvu kupita kiasi. Jumanne saa nne asubuhi kurasa zilizorekebishwa ziwe hapa. Zikichelewa, nafasi tunampa mwingine na kitabu hiki hatutakipokea tena."

Aliisoma amesimama kwenye maranda. Akaisoma tena. Miaka kumi na minane ya maisha yake ilikuwa ndani ya kitabu kile, na vidole vilikuwa vimeanza kutetemeka kiasi kwamba namba ndogo alikuwa haziandiki sawasawa. Hakuwa na kitabu kingine ndani yake, na alilijua hilo kama anavyojua urefu wa mkono wake.

Saa nane mchana akawaita mezani. Alikuja mdogo wake, ambaye macho yake yalizima miaka sita iliyopita, amemshika bega mkewe. Akaja pia jirani yao, mwalimu mstaafu, ambaye shujaa wake hushika mkuki.

"Wifi, leo umevimba uso kama mkate," alisema mke wa mdogo mtu akivuta kiti. "Nani kakuudhi, nikamtukane?"

"Keti, wifi. Leo sina utani. Tunapigana mpaka nielewe."

Walipigana. Mdogo mtu akarusha dadu, mkewe akainama kumsomea kama alivyozoea. "Tano!" Fundi akaandika tano. "Sita! Mume wangu, una mkono wewe!" Akaandika sita. Kisha ncha ya penseli ikavunjika. Fundi akainuka kufuata nyingine rafuni, na rafu iko nyuma ya kiti cha wifi. Dadu ikarushwa akiwa bado amesimama pale.

Ilikuwa mbili. Mashimo mawili, aliyoyatoboa kwa mkono wake.

"Tano!" alisema wifi.

Mwalimu akatazama dari.

"Wifi," Fundi alisema. "Sema tena."

Wifi akageuka, akamwona, akafunika dadu kwa kiganja kama mtoto aliyeiba sukari. "Si unajua... yule shujaa wake anakimbia huko mchezoni. Hapa nyumbani mume wangu anajigonga milangoni. Ningemwua vipi kwa mdomo wangu?"

"Tangu lini?"

"Tangu macho."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi nilidhani unajua, Fundi. Nilidhani sote tunajua."

"Ulivyozidi kuzipunguza zile panga," wifi aliendelea, machozi yamemjaa, "ndivyo na mimi nilivyozidi kuongeza. Ulikuwa unamwua, wifi! Ningefanyaje?"

Fundi akashika ukingo wa meza. Madaftari kumi na moja yalikuwa rafuni, yamepangwa kwa tarehe, na ndani yake hakuna namba ya kuaminika. Alikuwa amezikata panga mpaka zimekuwa visu vya kumenyea viazi, kwa sababu ya mapenzi ya mtu. Hata kuzirudishia makali hangeweza, maana hakujua ni wapi pa kusimama.

Mdogo mtu ndiye aliyecheka, kicheko kidogo cha puani. "Dada, dadu zako zina mashimo. Unadhani vidole vyangu navyo vimepofuka?"

Mkewe akamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Naiokota mwenyewe kila zamu. Naigusa kabla sijaiinua."

"Mbona hukuniambia, mdogo wangu?" Fundi aliuliza. "Umeniacha nipotee miaka sita!"

"Kila akisema sita, anafurahi mpaka kiti kinatikisika. Nikaona mimi ni nani nimnyang'anye furaha hiyo." Akamgeuzia uso dada yake. "Sikujua unaandika kwa ajili ya watu wengine, dada. Nilidhani unaandika kwa ajili yetu."

Fundi hakulia. Alivuta karatasi mpya, akaitazama, akairudisha mezani. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Akazikusanya dadu zote, akazunguka meza, akamwambia wifi ahamie kiti cha mwisho kule na penseli, aandike atakachosikia, asiangalie.

Kisha akafungua kiganja cha mdogo wake, akazitia dadu humo, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Mapambano arobaini, kama wale wa kiwandani. Makali tunaanza na manne. Unarusha wewe, unasoma wewe, unasema kwa sauti. Akifa, sema amekufa. Ukimaliza, wewe ndiye utakayeniambia zile panga ziume kiasi gani, na utakachosema ndicho nitakachokipeleka kesho. Usinihurumie, na usijihurumie. Anza."