Kipaza Sauti Mbele ya Baba Mkwe

Mkutano wa kijiji pale Issuna ulikuwa na ajenda moja: kisima kipya kichimbwe sokoni, au huku juu tunakoishi sisi. Wanawake wa huku juu, tunaoteka maji kule bondeni, walinichagua niwasemee. Hoja nilikuwa nazo. Nilichosahau ni kwamba baba mkwe naye angekuwepo, na alikaa kiti cha mbele kabisa.

Kwetu mke wa mwana haongei kwa sauti kubwa mbele ya baba mkwe. Anamwamkia ameinama, anasema taratibu, macho chini. Basi nilipopewa kipaza sauti nilikishika kwa mikono miwili usawa wa kifua, nikamwamkia yeye kwanza, kisha nikaendelea na habari ya maji kwa sauti ileile ya shikamoo.

“Hatusikii huku,” walisema wa nyuma.

Nikaongeza kidogo. Spika iliyofungwa kwenye nguzo ya goli ikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Wifi yangu, binti wa mzee huyohuyo na mwimbaji wa kwaya, akanijia akicheka.

“Wifi, umekishika kama mwiko. Toka hapo mbele ya spika, njoo usimame nyuma yake. Kilete karibu na mdomo, halafu usipige kelele. Sema kama unaniletea umbea.”

“Na baba je?”

“Baba si umeshamwamkia? Sema.”

Nikahama, nikakisogeza mdomoni, nikasema polepole kama nilivyofunzwa. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa kubwa, ikaenda hadi barabarani. Mdomo wangu ulikuwa na adabu, spika haikuwa nayo. Sikujua mzee angehesabu kipi.

Nilikuwa bado naeleza habari ya mabinti wanaochelewa shule kwa ajili ya ndoo, baba mkwe akasimama, akachukua fimbo yake, akaondoka. Labda amekasirika, niliwaza. Au amenipisha niseme bila kumtazama miguu. Nilitaka kunyamaza, lakini wanawake wangu walikuwa wananitazama, nikamaliza. Maneno yangu yalimfuata mgongoni, kwa kuwa spika ilielekea kulekule anakokwenda. Alisimama ng'ambo ya barabara, hakugeuka.

Mwenyekiti akaita mikono. Wa sokoni wakanyoosha, akahesabu. Akaita wa juu, tukanyoosha. Ndipo kule ng'ambo fimbo ya mzee ikapanda, ikakaa hewani kidogo, ikatua begani kwake. Akaenda zake.

“Na mzee yule pale,” alisema mwenyekiti, akamjumlisha.

Tukapata kisima.

Jioni nilimpelekea baba mkwe maji ya kunawa. “Shikamoo baba.”

“Marahaba. Leo hata ng'ombe wamekusikia,” alisema, akanawa, akaanza kula.

Nikarudi jikoni nikamuuliza wifi kama hiyo ni sifa au ni karipio, na kama fimbo ile ilikuwa kura au mkono ulichoka kuishika.

“Si ukamuulize mwenyewe.”

“Mkwe namuulizaje?”

“Basi kaa na swali lako,” alisema, akachochea moto.

Siku hizi nateka maji karibu na nyumbani. Baba mkwe naye hupita pale na ng'ombe wake, namwamkia, anaitikia, anapita. Kila mara natafuta jibu usoni mwake, na sijalipata.