Nguzo Sita Mbele ya Mchanga

Nthenya alikuwa msichana wa miaka kumi na saba Muthama, mzee wa kijiji chetu, alipojenga jumba lake karibu na Kwa Vonza, Kitui. Muthama alikuwa ametoka Ufaransa, kwenye semina ya majuma mawili, akarudi na akili za kushikiwa. Alitaka nguzo sita nyeupe na ngazi pana za kushuka hadi mtoni, kama alivyoona huko. Hakukumbuka kwamba mto wa huko una maji. Wa kwetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji yamejificha chini.

Alikaa kibarazani miaka kumi akitazama mchanga, kisha akafa. Wanawe wakaliuza jumba kwa Gachanja, tajiri wa Thika, naye akaligeuza hoteli. Kwenye bango akachora mashua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa; huyu alikuja mwenyeji akonde.

Hoteli hiyo ilikunywa kwa mkono wa Nthenya, sasa mama wa watoto wanne. Kisima cha ukoo wake kilikuwa mchangani, chini tu ya zile ngazi, kimezungushiwa miiba kama ilivyo desturi. Kila asubuhi alichota, akapakia punda wake mitungi, akapeleka jikoni. Karo ya watoto wote ilitoka humo, na hakuwa na kazi nyingine.

Siku mbili kabla ya harusi moja kubwa, Gachanja alisimama ngazini akaikunjia uso ile miiba.

"Mama, hii takataka itolewe. Bibi harusi atapigwa picha hapa."

"Boss, hiyo si takataka. Hiyo ndio mlango ya kisima. Ukitoa, wanyama wataingia."

"Watu wanalipa juu ya view, mama, waone mto, si miiba."

Wapishi waliokuwa nyuma yake wakacheka, kwa kuwa bosi amecheka. Ijumaa vibarua wakaichoma miiba yote. Jioni hiyo punda na mbuzi wa kijiji kizima wakashuka, wakanywa, wakakanyaga, wakaacha walichoacha. Jumamosi asubuhi Nthenya alikuta uji wa samadi. Aliketi mchangani akalia kwa hasira.

Saa nne Gachanja alishuka mbio na suti yake. Wageni mia tatu walikuwa wamefika na tangi lilikuwa tupu. Alichungulia kisimani, akaziba pua.

"Sasa wageni watakunywa nini?"

"Uliza hao punda, boss."

Harusi ilihamia Kitui mjini kabla ya saa sita.

Jumatatu Nthenya alianza kukichimba upya kisima. Alipoyafikia maji safi, alikata miiba mingi kuliko ya kwanza, akaipanga hadi juu ya ngazi mbili za chini za marehemu Muthama. Gachanja alimtazama akiwa kati ya nguzo zake. Hakuthubutu kumzuia, maana jikoni hamkuwa na tone la maji.