Fainali Iliyoliwa na Ng'ombe

Zamani, ukitaka kumkasirisha baba yangu, ulimwuliza tu nani alikuwa bingwa wa mwisho wa tenisi Kinampanda. Chai ilikuwa inapoa mezani, naye bado yuko seti ya kwanza.

Mashindano yale yalikuwa ya walimu na makarani, watu wa kucheza kwa kupenda tu, kwenye uwanja wa nyasi walioachiwa na wamisionari. Nyasi, Singida hii! Kiangazi chetu hata mbuzi anakutazama kwa lawama. Kwa hiyo walicheza masika, uwanja ukiwa wa kijani, wakati wake zao wanapalilia mtama peke yao. Mama mpaka leo hajawasamehe.

Fainali ya mwisho ilimkutanisha baba, Mnyaturu wa Mgori, na mtani wake, mwalimu Mnyiramba wa palepale Kinampanda. Walipofikia sare ya seti moja kwa moja, mvua ikashuka, mwamuzi akaahirisha hadi kesho. Asubuhi wakakuta uwanja umejaa ng'ombe. Nyasi zimeliwa mpaka mizizi, udongo umetobolewa na kwato. Ng'ombe wa nani? Wa mwamuzi! Wala hakuona aibu.

"Nyasi zote hizo," akasema, "mlitaka zioze?"

Baba alikuwa anasimulia hapo kwa hasira, lakini namjua. Angekuwa na ng'ombe karibu, angewaingiza tangu robo fainali.

Uwanja haukupona tena. Mwaka uliofuata mvua ilichelewa, halafu watu wakapanda alizeti palepale, na mashindano yakafa hivyo hivyo. Kombe alilinyakua mtani. Utani ni utani, utamdai vipi? Alipostaafu akafungua kiduka, akawa anapimia mafuta ya alizeti kwa kombe hilohilo. Kila Jumapili walipigiana simu, baba akiwa kibarazani kwetu Utemini, sauti juu mtaa mzima usikie.

"Hapa anaongea bingwa," baba anaanza.

"Bingwa gani na magoti hayo? Kombe liko kwa nani?"

"Liko kwa mwizi!"

Wanacheka mpaka wanakohoa. Lakini simu ikikatika, baba ananigeukia, uso umebadilika. "Mwanangu, ningemshinda yule. Unaniamini?" Ilimuuma kwelikweli, mzee wangu. Hilo ndilo jambo pekee alilotaka limalizwe kabla hajafa.

Mwaka jana simu ya Jumapili ilipigwa na mke wa mtani. Baba alisikiliza, akakata, akaniambia nimtafutie raketi yake.

Jeneza lilipofika kaburini, nyuma ya nyumba ya mtani, baba akapenya katikati ya watu, akakaa juu ya rundo la udongo, raketi mapajani.

"Hazikwi mtu hapa! Tuko seti moja kwa moja. Aamke tumalize!"

Watu wakaangua kicheko. Mtani msibani ana haki yake, hata mchungaji alifunika Biblia akasubiri. Vijana wakajaribu kumwinua, akagoma. Ndipo mjane akaenda ndani, akarudi na kombe, bado linateleza mafuta.

"Haya shemeji, chukua. Umeshinda. Tuache tumzike mwenzio."

Nilijua sasa atalinyanyua, atarukaruka, atatuaibisha. Jamani! Akalifuta taratibu kwa koti lake la suti, akalitazama jeneza.

"Ungenishinda, mtani," akasema. "Mvua ndiyo iliniokoa."

Akaliweka kombe juu ya jeneza, akalia kwa sauti, baba yangu, mbele ya Wanyiramba wote wale. Na mimi nikalia, nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Jumapili iliyofuata nilimkuta kibarazani, simu iko mapajani, anaitazama tu. Nikamtilia chai, nikaona nimchokoze kidogo.

"Shikamoo, bingwa."

"Marahaba," akasema. "Lakini bingwa yuko Kinampanda."

Akainywa chai yake ingali ya moto.